Mwalimu na Upanga wa Gatuanyaga

Kila chuma kilichomfikia Mwalimu mikononi alikinusa kwanza. Alikiinua hadi puani, akafumba macho, akavuta pumzi, halafu akakigonga kwa ukucha wa kidole gumba na kutega sikio. Wateja wangu waliokuja kuchukua mageti walimwona akifanya hivyo wakaniuliza kwa macho kama mzee yuko sawa. Niliwaambia yuko sawa kuliko sisi sote, ila wasimuulize kitu kama wana haraka ya kwenda mahali.

Karakana yangu iko Gatongora, Ruiru, nyuma ya mstari wa maduka, na Mwalimu alikuwa jirani yangu hapo miaka mingi, hadi alipotuacha. Kabla ya hapo alinifundisha somo la vyuma katika shule ya ufundi mjini Thika, ambako nilikuwa msichana pekee darasani. Alipostaafu alihamia Ruiru kuwa karibu na bintiye. Siku moja alikuwa anapita zake, akaona mwanamke ameinamia mashine ya kuchomelea, akasimama. Hakunisalimia. Alisema tu, "Hiyo joint ina hewa ndani, Wangui." Niliikata, na kweli ilikuwa na hewa ndani. Kuanzia siku hiyo alikuwa na kiti chake kwangu, na mtu mwingine akikikalia alisimama mbele yake kimya mpaka mwenyewe aone aibu.

Darasani alitufundisha kwa kutuchosha. Muhula wetu wa kwanza alitupa kila mmoja kipande cha chuma na tupa, akatuambia tukifanye mraba. Basi. Hakuna mashine, hakuna moto, tupa tu. Ukidhani umemaliza unampelekea, naye anakiinua dhidi ya dirisha, anaweka rula, anatazama ule mwanga unaopenya kati ya rula na chuma, anakurudishia. "Bado." Nilimchukia. Nasema hivyo bila kuficha kwa sababu nilipomwambia yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, alicheka hadi akatafuta leso. Leo nikiona geti limepinda hata kidogo chakula hakishuki vizuri, na wa kulaumiwa ni yeye.

Na geti lake mwenyewe? Lilishikiliwa na waya. Bawaba moja ilikuwa imeng'oka zamani, nyingine ilikuwa inafikiria. Nilimwambia nitamtengenezea jipya na sitaki kitu chake, akaniambia hilo lake linatosha kuzuia mbuzi. Mwalimu hakuwa na mbuzi, na wala majirani hawakuwa nao.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, mtu wa kupingana na nafsi yake. Alisema umbea ni ugonjwa, lakini akikosa kuja karakana siku mbili, ya tatu alifika mapema na kuuliza, "Haya, nimepitwa na nini?" Alikuwa na subira ya ajabu kwa kipande cha bati kilicholiwa na kutu, lakini mtoto wa mtu akichelewa kumletea chai alianza kugonga meza. Kanisani alisinzia mahubiri yote, kisha mhubiri akigusia silaha za Goliathi, Mwalimu alifungua macho, na baada ya ibada alimngoja mlangoni kumweleza tofauti ya shaba na chuma. Wahubiri walianza kumkwepa Goliathi.

Mfukoni mwa shati alibeba sumaku. Iliharibu kadi yake ya benki, akapewa nyingine, nayo ikaharibika, na hakukubali kamwe kwamba sumaku ndiyo ilihusika. Watu walimjua kwa sumaku hiyo. Mtu akichimba msingi wa nyumba akakuta kitu, akirithi sanduku la babu yake, akidanganywa sokoni, aliletwa kwenye kile kiti. Bwana mmoja alileta redio ya kizamani kwa sababu alisikia ndani yake mna dawa nyekundu inayotafutwa na matajiri. Mwalimu aliifungua ile redio taratibu, akamwonyesha kila kitu kilichomo, akaifunga, na ikaanza kuongea, kitu ambacho mwenyewe hakuwahi kukisikia. Mwingine alileta jiwe zito jeusi akaapa lilianguka kutoka mbinguni. Mwalimu alilinusa, akalala nalo siku kadhaa, akasema ni takataka ya tanuru, imetupwa na kiwanda kimoja hapo Thika. Mwenye jiwe aliondoka na hasira kana kwamba Mwalimu ndiye aliyelitupa.

Jibu lake la kwanza kwa wote lilikuwa moja. "Bado hatujui." Alilisema kwa raha, kama mtu anayefungua chupa ya soda. Mimi nilikuwa sina subira hiyo. Nilitaka kujua kitu kabla hakijawekwa mezani, na tuligombana sana kwa hilo. Na ndiyo maana kisa cha upanga wetu hakinitoki akilini, kwa maana mara ile moja aliyosema "tunajua" kabla ya wakati ilikuwa nyumbani kwetu.

Kwetu ni Gatuanyaga, mashariki ya Thika, kule kwenye vumbi na punda na pikipiki. Mama alirudi hapo kwa wazazi wake ndoa yake ilipovunjika, akatulea mimi na ndugu yangu Kamau kwenye shamba la guka, babu yetu. Ukutani kwa guka kulikuwa na upanga ndani ya ala ya ngozi nyekundu, kama zile za simi, panga fupi za wazee wetu. Guka hakuwahi kuuzungumzia. Ukimuuliza alikohoa akatoka nje kuangalia ng'ombe. Alikufa hivyo hivyo, na cucu, nyanya yetu, alikuwa ametangulia tukiwa wadogo, kwa hiyo upanga ulibaki ukutani ukiwa na kimya chake.

Kimya cha namna hiyo, kwetu Wakikuyu, kina maana mbili tu. Upanga wa zamani ukionekana nyumbani kwa mzee asiyetaka kuongea, ama alikuwa msituni na wapiganaji wa uhuru, ama alikuwa upande wa pili, na wakoloni, na huo upande wa pili hakuna anayetaka kuutaja. Kamau aliamua guka alikuwa msituni. Alipiga picha upanga akauweka kwenye simu yake, akawaonyesha marafiki wa mjini. "Hii ni history, sista," aliniambia. "Watu wanatafuta vitu kama hizi hadi ulaya."

Mama aliamua vingine. Mke wa Kamau alikuwa amepoteza mimba, akapata nyingine, nayo ikatoka. Pasta wa Mama alikuja kuomba, akatazama ukutani, akauliza hicho ni nini. Kisha akasema nyumbani humo kuna damu ambayo haijatubiwa. Aliahidi kurudi kufanya ibada ya kutakasa nyumba, na akataka siku hiyo upanga ukayeyushwe kwenye tanuru Thika. Mama alinipigia simu. "Kama baba yangu aliua mtu, Wangui, watoto wa Kamau ndio wanalipa. Mimi siwezi kukaa na hiyo kitu."

Niliwaza juu ya Mwalimu hapo hapo. Nilimwomba Mama anipe muda kabla ya ibada, nikamleta mzee Gatuanyaga kwa pikapu yangu.

Aliuchomoa upanga kutoka kwenye ala akiwa amekaa kivulini mwa nyumba, akaunusa. Ulikuwa mwembamba, umenyooka, urefu wa mkono wangu hivi, na haukufanana na simi hata kidogo. Alipousugua kwa kitambaa na mafuta, karibu na kipini pakatokea maua na majani madogo yaliyochorwa ndani ya chuma. Nilimwona Mwalimu akivutiwa kama mtoto aliyepewa pipi. Kipini kilikuwa cha mti wa hapa hapa, kimewekwa baadaye. Ncha ilikuwa ya mviringo. Na kwenye makali, sehemu ya katikati, kulikuwa na mistari mingi midogo ya mikwaruzo.

Alifanya mambo yake yote kwa utaratibu. Kwenye ufa wa kipini alichokonoa uchafu mweupe akautia kwenye kisanduku cha kiberiti. Aliomba mche wa sabuni, akaugandamizia makali ili abaki na alama zake. Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo ameshika kanga yake kifuani, na mwishowe akauliza, "Mwalimu, niambie tu. Uliua mtu ama haukuua?"

Nilingoja lile jibu lake. Hakulitoa. Alisema, "Mama Wangui, huu ni upanga wa afisa wa Kizungu. Wa gwaride. Haya maua huchorwa huko kwao. Na hizi alama hapa ni za kugongana na vyuma vingine. Ncha ilivunjika, mtu akailainisha. Huu ulichukuliwa kutoka kwa mwenyewe vitani."

Kamau alipiga makofi. Guka alikuwa amemnyang'anya Mzungu upanga wake. Mama aliingia ndani, na tulipokuwa tunaondoka alitoka, akauchukua upanga kwa kuushika na gunia, akaupeleka kwenye banda la kuku akautupa humo. Jioni hiyo Kamau alinipigia akasema Mama amehamia chumba cha nyuma, hataki kulala upande wa ule ukuta.

Njiani kurudi Ruiru nilimuuliza Mwalimu kwa nini leo hakusema "Bado hatujui." Aligeuzageuza kile kisanduku cha kiberiti mkononi. "Mama yako aliniangalia kama mtu anayengoja daktari," akasema. "Nilishindwa." Nilikasirika naye, na nilikasirika zaidi kwa sababu nilimwelewa.

Baada ya hapo alianza kudhoofika. Miguu ilivimba, uso ukapungua, na suruali zake zikawa za mtu mwingine. Bado alikuja karakana, lakini hakunusa vitu sana. Ule mche wa sabuni aliuweka juu ya rafu kwangu, akakataza mtu kuunawia. Mara nyingine nilimkuta anauangalia tu. Nilidhani ni uzee.

Ndipo siku moja akaingia kwangu akiwa na suruali yenye pini kiunoni. Alikuwa kwa fundi wa nguo wa hapo jirani kupunguziwa suruali, akatoka katikati ya kazi na fundi akimfuata mlangoni akiuliza kama mzee amekasirika. Mwalimu hakuwa amekasirika. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu akachukua sabuni.

"Ile mashine ya fundi," akasema, "ina kipete kidogo cha chuma pale uzi unapopitia. Umewahi kukiangalia?"

"Sijawahi, Mwalimu. Kaa kwanza."

"Kimekatwa. Kina mfereji, umelala vizuri kabisa kama umepigwa tupa. Uzi ndio umekata, Wangui. Uzi wa pamba, kwa miaka." Aliusogeza ule mche karibu na macho yangu. "Sasa angalia hapa. Panga zikigongana zinaacha meno. Moja refu, moja fupi, kingo zake zina makovu. Haya ni laini. Na yako mbali sawa sawa, moja, moja, moja. Nani anapigana kwa mpangilio?"

Nilitazama. Niliona aibu, kwa sababu mimi pia nina macho na nilifundishwa kuyatumia na mtu huyu huyu. Alikuwa tayari anafungua kiberiti. Ule uchafu mweupe aliuvuta kwa kibano, ukanyooka ukawa nywele ngumu. Nilikulia Gatuanyaga, sikuhitaji kuambiwa. Ulikuwa mkonge.

"Na ncha," akasema polepole, kana kwamba anajisomea mashtaka. "Niliiona ni ya mviringo. Niliiona imelainishwa. Nikasema ilivunjika kwa sababu nilikuwa nimeshaingia vitani na guka yako."

Nilimwambia nitampigia Mama simu. Alikataa. Alisema kosa alilolipeleka kwa mguu atalirudisha kwa mguu. Nilimkumbusha kwamba miguu yenyewe haikuwa inaingia kwenye viatu, akaniomba ndara. Bintiye alinilaumu sana kwa safari hiyo na alikuwa na haki. Ilikuwa siku mbili kabla ya pasta kuja.

Tulimkuta Mama akichambua maharagwe nje. Alimwona Mwalimu akishuka kwenye pikapu kwa shida, amevaa ndara, akainuka kumpokea lakini uso wake haukufunguka. Mwalimu hakukaa. "Mama Wangui," akasema, "nilikuambia uongo. Sikukusudia, lakini ulikuwa uongo, na umekutoa chumbani kwako. Nimekuja kuuondoa."

Mama aliniangalia mimi, kisha yeye. "Uongo gani, Mwalimu?"

Aliomba upanga, aliomba kigoda, na aliomba kamba ya mkonge. Kamau alienda banda la kuku akarudi na upanga umejaa mavi ya kuku. Mwalimu aliufuta kwa leso yake mwenyewe. Alipindua kigoda miguu ikaangalia juu, akazungusha kamba kutoka mguu huu hadi ule, tena na tena, nyuzi zikasimama sambamba. Nilitaka kumsaidia, akanipiga kofi dogo mkononi. Kisha akaulaza upanga juu ya nyuzi zile, na kila uzi ukaingia kwenye mfereji wake.

Hata Kamau alichuchumaa kutazama.

"Huu upanga haujawahi kunolewa," Mwalimu akasema. "Tangu uko kwa Mzungu. Ulikuwa wa kuvaa tu kwenye gwaride. Halafu mtu akaukata ncha ili usishike nyuzi, akautia kipini cha mkono mdogo. Shikeni muone. Mimi hakinitoshi. Umetumika miaka mingi kupigia mkonge uliofumwa, ili ukaze. Nani alikuwa anafuma hapa?"

"Kulikuwa na banda la mikeka," Mama akasema. "Huko kwenye shamba la mkonge, bibi ya Mzungu ndiye alikuwa nalo. Mama yangu alifanya huko kabla nianze shule. Lakini hakuwahi kuniambia habari ya upanga."

"Kwa hivyo guka hakuwa msituni?" Kamau akauliza, na nilimwonea huruma, maana aliuliza kama mtu aliyepokonywa sahani.

"Hilo upanga huu hauwezi kutuambia," Mwalimu akamjibu. "Wala hatujui kwa nini yule mama wa Kizungu alitoa upanga wa bwana yake ukafanye kazi ya mikeka. Hayo wameenda nayo. Ila ala hii nyekundu imeshonwa kwa kipimo chake, baada ya ncha kukatwa. Guka yako alikuwa anajua kushona ngozi?"

"Alitushonea viatu," Mama akasema.

Mwalimu akapitisha kamba moja katikati ya zile nyuzi, ikipanda huu na kushuka ule, akauingiza upanga nyuma yake akasukuma. Akapitisha nyingine, akasukuma. Nilimwona Mama akikunja uso. Nilidhani amekasirika bado, na kama hili lisingetosha, sikuwa na lingine. Mwalimu akapitisha kamba ya tatu.

"Unagonga vibaya," Mama akasema.

Mwalimu akasimamisha mkono.

"Hausukumi hivyo. Unailaza kwanza. Halafu unavuta kwako." Alikuwa ameshaacha ungo wa maharagwe chini. Alikuja, akapiga magoti mbele ya kigoda, akachukua upanga kutoka mkononi mwa Mwalimu, upanga ambao wiki zote hizo hakuthubutu kuugusa bila gunia. Kipini kilimtosha kabisa. Aliulaza, akauvuta, na kamba zikakaza kwa sauti nzito, fupi, kisha nyingine, kisha nyingine. Aliacha ghafla akatuangalia, machozi yakimtoka na mwenyewe hajui.

"Nilikuwa nalala mgongoni kwake," akasema. "Nilikuwa nalala na hii sauti. Ai, Mama." Alifuta uso kwa kiganja. "Kamau, mwambie bibi yako aje aone kitu ya cucu. Na mpigie pasta. Mwambie aje tu, atapata chai, lakini kwenye tanuru Thika hatuendi."

Aliendelea kufuma. Jua lilikuwa limesogea na Mwalimu alikuwa amesimama muda mrefu kuliko miguu yake ilivyotaka, suruali yake bado ina pini za fundi. Nilimletea kiti. Alikisukuma pembeni, akajishikilia begani kwangu, akashuka kidogo kidogo hadi akakaa chini vumbini mbele ya mama yangu, pale ambapo mwanafunzi angekaa.

"Nionyeshe tena," akasema. "Polepole."